Mkono, Udongo na Utulivu wa Moyo

Liko suala limenishughulisha tangu safari yangu ya nyanda za juu. Mtu afanyapo kitu kwa mkono wake, moyo ukatulia, je, utulivu ule ni katika kumtaqarrabia Mola wake, au ni mghafala tu?

Nauliza kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akishona kofia ya viua barazani baada ya darasa. Nilimnyang'anya, nikamwambia mikono ya mtafuta ilimu ni ya kushika kitabu. Hakunijibu neno. Tangu siku ile sikumwona na kofia tena, wala sikuiona furaha yake darasani.

Hatta nikasafiri. Iringa niliwaona wanawake wa Kihehe wakisuka vikapu vya milulu, nikapita mbio, nikisema moyoni, hii ni shughuli ya wake (nasi wanaume wa pwani tuna maradhi haya). Nikashika njia ya Mbeya na Tukuyu mpaka Matema, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa katika soko la Lyulilo siku za Jumamosi.

Hapo nalikaa. Bibi mmoja mtu mzima alikuwa na donge la udongo juu ya kigae, mkono mmoja ukizungusha, wa pili ukipandisha ukuta wa chungu. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mama, huchoki?" Akasema, "Baba, huu mkono unajua wenyewe. Mashaka ni moto." Kisha akanieleza: chungu kikikauka huchomwa uwanjani, hapana tanuri, chenye unyevu hupasuka, na hata kilicho chema chaweza kupasuka. "Nikishawasha, kimenitoka," akasema, akaendelea kuzungusha.

Sisi twasema mfinyanzi hulia gaeni, tukamcheka. Lakini tazameni neno letu la kuumba, ambalo asili yake ni kufinyanga udongo. Na wanavyuoni wametwambia kuwa khalq katika lugha ya Kiarabu asili yake ni kukadiria, yaani kupima. Ndiyo maana Qur'ani imelitumia kwa Nabii Isa alipofanya umbo la ndege kwa udongo. Ama uhai ulikuwa kwa idhini ya Mungu. Na wafanyao sanamu za viumbe, imekuja katika hadithi, wataamrishwa kuvihuisha, wala hawataweza. Basi fungu la mja ni kupima.

Nadhani utulivu wa bibi yule watoka hapo. Mkono umetimiza fungu lake, na mpaka wake auona kwa macho kila awashapo moto. Sisi wa vitabu hatuna moto wa kutuonyesha mpaka. Twadhani ilimu ya mwanafunzi, adabu yake, hatta raha yake, vyote ni kazi yetu; na usiku hatulali.

Imamu Mawardi aliona kuwa chumo lililo bora ni kilimo. Imamu Nawawi akasema lililo sawa ni kazi ya mkono, na ikiwa kilimo ndiyo bora zaidi, kwani ndani yake mna tawakkul. Naye aliijenga kauli yake juu ya hadithi ya Nabii Daudi, aliyekuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Mimi hadithi hiyo nimeisomesha miaka mingi, na kofia nikainyang'anya! Kama mtu atashona mpaka sala impite, hilo ni jambo jingine, na hukumu yake yajulikana. Kijana yule hakupitwa na sala.

Niliporudi nalinunua uzi mzuri, nikamwendea nyumbani kwao, nikamrudishia kofia yake na kumtaka radhi mbele ya mamake. Alinyamaza kitambo. Kisha akaomba ruhusa anipime kichwa.