Uyoga wa Msitu wa Wenyewe

Mwezi wa Oktoba, Lubumbashi hungojea mvua. Joto limekaza, vumbi jekundu limetanda kila mahali, na kila aliyekulia Katanga anajua kitakachofuata: mvua zikishika, misitu ya miombo itatoa uyoga, na akina mama watajipanga kando ya barabara wakiuuza kwa mabeseni. Mwezi huohuo, katika vilima vya Ardennes kusini mwa Ubelgiji, ardhi imekwisha kulowa. Majani ya mialoni yanapukutika na uyoga umejaa chini ya miti. Mkatanga anayeingia msitu huo kwa mara ya kwanza huona kama kwao kumemfuata. Hatari huanzia hapo.

Familia nitakayoisimulia nimeibuni. Msitu, uyoga, sumu na mwendo wa ugonjwa ni vya kweli, na makosa yao ni yaleyale ambayo yamekwisha kuua watu wa kweli.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mzaliwa wa kijiji kisicho mbali na Lubumbashi, aliyekuwa akiishi Brussels kwa mwanawe, pamoja na mkwewe na wajukuu wawili. Likizo ya shule ya mwishoni mwa Oktoba ilipofika, rafiki wa mwanawe aliyekuwa amehamia kijiji kimoja cha Ardennes aliwaalika, wao na familia nyingine mbili. Mbuzi alinunuliwa. Unga wa kusongea bukari, yaani ugali, ulitoka maduka ya Matonge, mtaa wa Waafrika jijini Brussels. Nia ilikuwa njema: watoto wacheze kwenye majani makavu, wakubwa wakae kando ya moto waongee lugha ya nyumbani bila haraka.

Jumamosi asubuhi walitoka kutembea. Chini ya mwaloni mkubwa Mama akasimama. Uyoga ulikuwa umeota kwa vikundi, kofia laini, nyingine za kijani kilichofifia, nyingine karibu nyeupe. Akainama, akachimba taratibu kwa vidole kama alivyofundishwa utotoni, shina likatoka zima likiwa na pete juu na mfuko mweupe chini. Uso wake ukachangamka.

"Wanangu, leo mtakula chakula cha kwetu," alisema.

Mwenyeji wake akacheka kwa furaha. "Mama, mimi uyoga wa huku siujui, nanunua dukani tu. Lakini wewe umekua nao."

"Uyoga nimeuchuma kabla baba yako hajaoa, mwanangu."

Hakuwa akijigamba. Katika miombo ya Katanga, Zambia, Malawi na Tanzania uko uyoga mkubwa wa jamii ya Amanita, wenye mfuko chini ya shina, ambao watu wameula vizazi kwa vizazi. Mama aliujua huo vizuri, na mikono yake haikuwa imesahau.

Mkwewe aliiona ile rangi ya kijani na moyo wake ukasita. Akafungua kinywa, kisha akakifunga. Angeanzaje kumsahihisha mama mkwe mbele ya watu, siku ambayo alikuwa na furaha kuliko siku zote tangu afike Ulaya? Njiani walipishana na jirani, mzee wa Kibelgiji, naye akiwa na kikapu chake cha uyoga. Wakasalimiana kwa Kifaransa, wakazungumza habari za mvua, wakapita. Vikapu viwili vilikuwa hatua mbili tu mbalimbali, na hakuna aliyeuliza swali.

Mama alichemsha uyoga, akamwaga maji ya kwanza, akaunga kwa nyanya na karanga zilizotwangwa. Saa nane mchana wakala, na kila aliyeonja alisifu. Yeye mwenyewe alikula sana, mwanawe sahani moja, mwenyeji vijiko vichache. Watoto, kwa bahati njema, walikimbilia viazi vya kukaanga. Mkwewe alisema ameshiba nyama.

Saa nane usiku Mama alianza kutapika. Kabla ya alfajiri mwanawe naye alikuwa hoi kwa kuharisha. Kila mtu alimlaumu mbuzi. Hakuna aliyetaja uyoga, kwa kuwa ulikuwa umeliwa saa kumi na mbili nyuma, na watu huamini kwamba chakula kibaya hudhuru papo hapo. Jumapili jioni walirudi Brussels wakiwa wamelegea. Jumatatu Mama aliamka akanywa chai, akamshukuru Mungu kwamba yamepita, na mwanawe akaenda kazini.

Jumanne macho ya Mama yalikuwa ya manjano, na alikuwa akimwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Mkwewe akapiga simu kwenye kituo cha taifa cha kushughulikia sumu. Waliuliza mambo mawili: mlikula nini, na zilipita saa ngapi kabla ya kutapika. Aliposema uyoga wa msituni, saa kumi na mbili, akaambiwa awapeleke hospitali mara moja wote waliokula, hata asiyejisikia vibaya. Mwenyeji alifukua maganda kwenye lundo la mboji, na mtaalamu akautambua uyoga kwa mabaki hayo. Mwenyeji alipona. Mwana wa Mama alipona baada ya siku nyingi kitandani. Mama alifariki Jumamosi iliyofuata.

Uyoga ule ni Amanita phalloides. Inakadiriwa kuwa ndio unaosababisha vifo tisa katika kila kumi vinavyotokana na uyoga duniani, na kofia moja yaweza kumuua mtu mzima. Sumu yake, amatoksini, haivunjwi na moto, wala kukaushwa, wala kugandishwa kwenye jokofu; kumwaga maji ya kwanza kulimpa Mama utulivu wa moyo tu. Haina uchungu mdomoni. Ikifika kwenye ini hukizuia kimeng'enya ambacho seli hukitumia kunakili maagizo ya kutengeneza protini, na seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Kazi hiyo huenda polepole. Kwa kawaida dalili za kwanza huja kati ya saa sita na saa ishirini na nne baada ya kula. Kisha hufuata ule unafuu wa siku ya pili au ya tatu, ambao umewapoteza wengi: tumbo limetulia, mgonjwa anatabasamu, na wakati huohuo ini linaangamia. Hospitalini madaktari humpa mgonjwa maji kwa wingi na dawa kama silibinini. Ini likishindwa kabisa, tumaini linalobaki ni kupandikizwa jingine. Anayefika mapema ana nafasi kubwa kuliko anayesubiri macho yageuke manjano.

Uyoga huu haubagui. Karl wa Sita, mtawala wa Dola Takatifu ya Roma, alikufa Oktoba 1740, inasemekana baada ya kula sahani ya uyoga huu, na kifo chake kikaitumbukiza Ulaya katika vita vya kugombea urithi wa Austria. Lakini mgeni ana hatari yake ya pekee. Mwaka 2015, wakimbizi wengi, hasa Wasyria, walilazwa Ujerumani kwa sumu hii, hata chuo cha udaktari cha Hannover kikatoa mabango ya onyo kwa lugha zao. Marekani na Australia, watu waliotoka kusini mashariki mwa Asia wameudhania kuwa ni ule uyoga wa mabua ya mpunga wanaoula kwao. Hawa hawakuwa wajinga. Asiyejua uyoga kabisa huupita akaenda zake. Anayeinama kuuchuma ni yule mwenye ujuzi, na ujuzi wake ni wa kweli, ila ulifundishwa na msitu mwingine.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Msitu nao ni nyumba. Miombo ina miti yake, na uyoga wake huishi kwa kushikana na mizizi ya miti hiyo. Mialoni ya Ulaya ina wake. Alama tulizofundishwa na bibi zetu, kwamba ulioliwa na konokono ni salama au kwamba wenye harufu nzuri hauna neno, huku zitatuua, kwa kuwa konokono hula Amanita phalloides bila kudhurika. Ujuzi wenyewe unastahili heshima kubwa. Wataalamu wa bustani ya mimea ya Meise, nje kidogo ya Brussels, na wenzao wa Kongo wameandika kitabu kizima kuhusu uyoga unaoliwa Haut-Katanga, kilichotoka 2017, na mengi yaliyomo yalitoka kwa wenyeji wanaochuma. Wanasayansi wa Ulaya walipoingia miombo waliwauliza wenye miombo. Nasi tukiingia misitu yao tufanye vivyo hivyo.

Kwa hiyo, wewe unayealikwa shambani kwa rafiki majani yanapopukutika, nenda, ufurahi, utembee. Ukichuma uyoga, usiupike kabla ya kuonyesha kikapu kizima kwa anayejua msitu ule: Ufaransa wafamasia husomea kuutambua, na kwingineko Ulaya ziko jumuiya za wapenda uyoga zinazosaidia bila malipo. Usitegemee programu ya simu. Piga picha uyoga kabla ya kuukata, na uweke mmoja mzima kando, maana daktari atauhitaji. Watoto wadogo wasipewe kabisa. Mtu akitapika saa nyingi baada ya kula, usingoje unafuu wala usiuamini ukija. Piga simu, wapeleke wote waliokula. Ubelgiji kituo cha sumu kinajibu 070 245 245, na popote katika Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112.

Lakini kisa cha Mama kilikuwa na milango mitatu ya kutokea, na yote ilifungwa na adabu. Mwenyeji alijua kwamba hajui, akamwachia mzee aamue ili asimvunjie heshima. Mkwe aliona rangi, akanyamaza ili asiitwe mjuaji. Jirani mwenye majibu alisalimiwa vizuri akaachwa apite. Adabu yetu ni hazina, sitaki tuipoteze ugenini. Ila adabu inayomwacha mama ale sumu imekosea njia. Kumheshimu mzee ni kumlinda, na mzee mwenye hekima hujisikia amependwa anapoulizwa, "Mama, huku si kwetu, twende kwanza tumwonyeshe jirani?"

Basi mgeni akikuletea kikapu cha uyoga jikoni kwako, mshukuru, kisha umwambie kwa upole kwamba hautaingia chunguni mpaka mwenyeji wa msitu auone. Huenda akanuna. Mwache anune. Aliyenuna leo akiwa mzima, kesho mtaombana radhi na kupatana.