Kujitegemea na Kuamini

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walisema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hizi mbili zimekaa pamoja katika lugha yetu bila ya moja kuifukuza nyingine, na aghalabu sisi huchagua ile inayolipendeza shauri tulilokwisha kulikata. Nataka kuzipima zote mbili kwa kazi moja ya siku hizi: kuijengea kompyuta kiini cha mfumo wake wa uendeshaji kutokana na msimbo chanzo ambao mjenzi mwenyewe anao mkononi. Swali langu ni hili: Je, mtu aliyejijengea kiini chake ameondokana na haja ya kumwamini mtu mwingine?

Kiini ni programu inayozisimamia programu nyingine zote. Ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine, kinachosoma na kuandika katika diski, kinachopokea kila herufi ipigwayo, na kinachoamua programu ipi ipate zamu na ipi ingoje. Kiini kikiwa kiaminifu, programu mbaya yaweza kuzuiwa; kisipokuwa kiaminifu, hata programu njema haina pa kukimbilia. Si ajabu basi kwamba wako watu wasiopenda kukipokea kikiwa kimekwisha kupikwa na wengine.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini alichokiandika, kikajulikana kwa jina la Linux. Toleo lake la kwanza lilikuwa na mistari kama 10,000. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma msimbo, kuubadili na kuugawa, kwa sharti kwamba anayewagawia wengine asiwanyime haki ile ile. Tangu hapo yeyote mwenye subira aweza kuutwaa msimbo huo na kuketi akichagua: kiendeshi hiki nakitaka, kile sikihitaji. Kisha huukabidhi kwa kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya binadamu kuwa tarakimu ambazo mashine huzitekeleza. Mwishowe hukiweka kiini kipya kando ya kile cha zamani, huiwasha mashine upya, akangoja.

Kungoja huko kuna mafunzo. Nilipojenga mara ya kwanza niliacha kiendeshi cha diski, nikidhani kwamba ninaipunguzia mashine mzigo. Mashine iliamka, ikaitafuta diski yake, isiione, ikasimama. Bahati njema sikuwa nimekifuta kiini cha zamani. Nilirudi nyuma, nikasoma, nikasahihisha, na mara ya tatu mashine ikawaka. Sikupata kuijua kompyuta yangu kama nilivyoijua usiku ule. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya kujijengea: kosa huwa na mwenyewe, na mwenye kosa huwa na jambo la kujifunza. Apokeaye kila kitu tayari hulalamika tu kinapoharibika.

Baada ya ushindi huo nilikiweka kiini changu katika kompyuta iliyotumiwa na wanafunzi katika chumba cha kusomea. Niliwaambia, kwa majivuno kidogo, kwamba waweza kuiamini kwa sababu nimekijenga mwenyewe. Mmoja wao aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, umeusoma msimbo wote?"

Nilinyamaza. Msimbo ule leo hii una zaidi ya mistari milioni 30. Mtu akisoma mstari mmoja kila sekunde, saa 8 kila siku, asipumzike hata sikukuu, atahitaji siku zaidi ya 1,000 kuimaliza. Na hata akiimaliza, atakuwa amesoma kitu kilichokwisha kubadilika, kwa kuwa toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa chache. Nilikuwa nimejenga, lakini sikuwa nimejua; nami niliwapa wanafunzi wangu kujenga kwangu kana kwamba ni kujua.

Tuseme, hata hivyo, kwamba yuko mtu aliyesoma yote na akaelewa yote. Je, huyo amejitosheleza? Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alilijibu swali hili katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1984. Alionyesha kwamba kompaila yaweza kufundishwa hila mbili. Hila ya kwanza ni kuitambua programu inayowafungulia watu mlango wa mashine, na kuitia ufunguo wa siri kila inapoijenga. Hila ya pili ni kujitambua yenyewe: msimbo wake ukiletwa ili ijengwe upya, huzipandikiza hila zote mbili katika kompaila mpya. Baada ya hapo hila hufutwa katika maandishi. Msomaji atausoma msimbo safi, atajenga kutokana na msimbo safi, na kitakachozaliwa kitakuwa na sumu. Macho yake hayakukosea. Kosa liko mahali ambapo maandishi hayafiki.

Wala hatari ya namna hii si ya vitabuni tu. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa hila katika xz, programu ya kubana data inayotumiwa katika mifumo mingi. Aliyeitia alijitolea kuisaidia kazi ile kwa zaidi ya miaka 2, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa madaraka. Kipande cha maagizo ya ujenzi kilichoiamsha hila kilikuwamo katika vifurushi vya toleo, lakini hakikuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote. Aliyeifichua, mhandisi Andres Freund, alianza kwa kuona jambo dogo: kuingia katika mashine kulichelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Hakuridhika mpaka ajue sababu.

Mtu aweza kusema, "Kama ndivyo, kazi ya kujijengea ni bure; afadhali tupokee na tunyamaze." Sikubali. Kwamba hatuwezi kuona kila kitu si hoja ya kufumba macho. David A. Wheeler, katika tasnifu yake ya mwaka 2009, alieleza dawa ya ugonjwa wa Thompson: msimbo wa kompaila ujengwe kwanza kwa kompaila nyingine ya ukoo mbali, kisha kompaila iliyopatikana iujenge msimbo ule ule tena, na matokeo yalinganishwe herufi kwa herufi na kompaila inayoshukiwa. Mwaka 2023 mafundi wa mfumo wa Guix walionyesha namna ya kupanda kutoka programu ya mbegu yenye baiti 357 tu, ngazi kwa ngazi, mpaka kufikia kompaila kamili. Kitu cha baiti 357 mtu mmoja aweza kukisoma akakimaliza. Lakini hata mbegu hiyo huota katika kipande cha silikoni kilichochongwa na mikono tusiyoijua. Imani hupungua, haiishi.

Basi, jibu langu ni kwamba kujijengea hakumwondoi mtu katika haja ya kuamini. Humtoa katika kuamini kwa upofu. Tena humpa deni. Lugha yetu imelifahamu jambo hili zamani, kwa kuwa neno imani na neno amana ni watoto wa shina moja. Anayeaminiwa amewekewa kitu cha mwenzake, na hapana amana isiyodaiwa hesabu. Freund hakuwa amesoma kila mstari; alitimiza amana kwa kutodharau nusu sekunde. Mimi niliivunja yangu kwa maneno machache ya majivuno, ingawa kiini changu hakikuwa na kasoro niliyoijua.

Siku iliyofuata nilirudi katika chumba kile na karatasi. Niliandika nimetoa msimbo wapi, nimebadili nini na kwa sababu gani, sehemu zipi nimezisoma na zipi nimezipokea kwa imani. Orodha ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote. Niliibandika ukutani kando ya mashine, na yule mwanafunzi akasimama akaisoma mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama aweza kuanza yeye kuzisoma zile sehemu ambazo mimi sikuzisoma.