Gharama ya Kaburi na Neno la Kweli



Mwezi huu wa Novemba Kanisa latukumbusha marehemu wetu, nasi twaenda makaburini kupalilia majani, kuwasha mishumaa na kusali. Lakini yako maneno ambayo watu huyasema kwa sauti ya chini wakiisha kutoka kaburini: nani alilipa gharama za mazishi, alilipa kiasi gani, na je, ni halali kwa Mkristu kudai fedha hiyo irudishwe? Leo twataka kuyasema waziwazi. Twachukua mfano wa Marekani wakati wa maradhi ya korona, kwa kuwa huko jambo hili liliwafikia waombaji kwa mamia ya maelfu, na kwa kuwa wengi wetu tunao jamaa wanaokaa huko. Tena baadhi yao walizikwa huko bila sisi kuwaona, njia za ndege zilipokuwa zimefungwa mwaka 2020.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chatusimulia mazishi ya Sara. Abrahamu alikuwa mgeni katika nchi ya Wahiti, hana hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe. Efroni Mhiti akamwambia kwamba atampa shamba na pango lililomo bure. Abrahamu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuwapo langoni pa mji, na Maandiko yataja shamba, pango, na hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka yake, kana kwamba aliyeandika ni karani wa mahakama. Wengine huipita sura hiyo upesi, wakidhani ni habari ya biashara tu. Sisi twaihesabu kati ya sura nzuri za Agano la Kale. Mzee yule, machozi yakiwa hayajamkauka, hakuona haya kutaja bei wala kutaka mashahidi. Kumlilia marehemu na kuhesabu fedha vilikaa katika moyo mmoja, wala kimoja hakikukichafua kingine.

Sasa tuitazame Marekani. Tarehe 13 Machi 2020 Rais wa nchi hiyo alitangaza hali ya hatari katika nchi nzima kwa sheria ya misaada ya maafa iitwayo Stafford, ya mwaka 1988. Watu walikuwa wameizoea sheria hiyo katika mafuriko, tufani na matetemeko ya ardhi. Safari hii ikatumika kwa ugonjwa, nao ugonjwa ule uliwaua watu zaidi ya milioni moja nchini humo. Mazishi huko ni ghali: jeneza, kaburi na kazi ya nyumba ya mazishi huweza kupita dola 7,000, na wengi waliofiwa walikuwa wamepoteza kazi mwaka ule ule. Basi tarehe 12 Aprili 2021 shirika la serikali kuu la maafa, FEMA, likafungua mlango. Aliyelipa gharama za kumzika mtu aliyekufa kwa korona tangu tarehe 20 Januari 2020 aliweza kuomba arudishiwe, hadi dola 9,000 kwa marehemu mmoja. Na aliyezika zaidi ya mmoja aliweza kupata hadi dola 35,500 kwa ombi moja. Msomaji, usiipite hesabu hiyo ya pili bila kusimama. Nyumba iliyoifikia ilikuwa imetoa majeneza manne.

Siku ile ya kwanza maombi yalipokewa kwa simu, na simu zilizopigwa zilifika kama milioni moja, hata mitambo ikalemewa. Maombi yaliendelea kupokewa hadi tarehe 30 Septemba 2025. Sasa mlango umefungwa, nasi twaweza kulitazama jambo lote kwa utulivu, maana maafa mengine yatakuja, huko au kwingineko, na maswali yale yale yatarudi.

Swali la kwanza ni la haya. Mtu aweza kusema: kuzika wafu ni tendo la huruma, tena Kanisa lalihesabu kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili, nikirudishiwa fedha, je, sijaliuza tendo langu? Tumkumbuke Tobiti, ambaye huko Ninawi aliwazika ndugu zake waliouawa, na kwa sababu hiyo akatafutwa auawe, akanyang'anywa mali yake yote. Kama mtu angalimrudishia gharama ya sanda, je, thawabu yake ingalipungua? Thawabu ilikuwa katika upendo na katika ujasiri wake, si katika kutoboka kwa mfuko. Nayo fedha ya serikali si sadaka ya bwana mmoja tajiri. Ni kodi, mfuko wa wote, ambao marehemu mwenyewe huenda alitia ndani yake jasho la miaka mingi. Mjane aliyeacha kudai haki yake kwa sababu ya majivuno, huku watoto wake wakikosa karo na chakula, hakumpenda mumewe kuliko yule aliyedai.

Yafaa pia kusema kwamba sheria haikuuliza uraia wa marehemu. Mwombaji ndiye aliyetakiwa awe raia, au mgeni mwenye hadhi inayokubaliwa na sheria. Lakini maiti aliyezikwa hakutakiwa kuonyesha hati ya kuingia nchini. Kwa neno hilo twawapongeza walioiandika.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni la kweli. FEMA ilitaka cheti cha kifo kinachosema kwamba mtu alikufa kwa korona, au yaelekea alikufa kwa korona. Lakini katika miezi ya kwanza vipimo vilikuwa haba, na wako waliokufa wakaandikiwa homa ya mapafu au moyo, pasipo neno lolote la korona. Basi jaribu likawa mlangoni: karatasi ile yaweza kugeuzwa, na marehemu hawezi kuinuka akakanusha. Tarehe 29 Juni 2021 shirika likalegeza kanuni kwa waliokufa kati ya tarehe 20 Januari na 16 Mei 2020: ilitosha barua iliyotiwa sahihi na yule aliyethibitisha kifo, au na mchunguzi wa vifo wa serikali, ikieleza jinsi ugonjwa ulivyohusika na kifo hicho. Hapo ndipo Mkristu alipopaswa kupima hatua zake. Kumwendea daktari na kumwomba aitazame tena habari ya baba yako, ukimweleza kikohozi na homa ulivyoviona kwa macho yako, ni haki yako. Kumwendea na kumsihi aandike asichoamini ni kushuhudia uwongo, ambako Amri ya Nane yakataza. Tena ni kumshuhudia uwongo mzazi wako mwenyewe, juu ya saa yake ya mwisho. Kama alikufa kwa moyo, mwache awe amekufa kwa moyo.

Tena ilikuwako kanuni ya kutolipwa mara mbili. Bima iliyokatwa kwa ajili ya mazishi, au msaada wa mazishi uliotoka kwa chama cha hisani au kwa idara nyingine ya serikali, ulipaswa kutajwa, nao ulipunguzwa katika hesabu. Bima ya maisha haikuhesabiwa hivyo, na kwa maoni yetu hiyo ilikuwa busara, maana bima ya maisha ni ya walio hai, si ya jeneza. Watu wetu huzika kwa michango. Jamaa hukutana, karatasi ya majina huzungushwa, huyu atoa ishirini, yule hamsini. Desturi hiyo ni njema, wala tusiiache. Lakini mtu aliyezikiwa ndugu yake kwa michango tupu, kisha akasimama mbele ya karani na kusema kwamba fedha yote ilitoka mfukoni mwake, alikuwa anataka kurudishiwa kitu ambacho hakukitoa. Anania na Safira, ambao habari yao imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, hawakulazimishwa kutoa kitu; Petro alimwambia Anania hivyo. Kosa lao lilikuwa hesabu ya uwongo iliyoletwa miguuni pa Mitume. Nao, kama mjuavyo, walizikwa siku ile ile.

Hapa twapenda kukaa kidogo, maana ndipo nyumba nyingi huvunjikia. Sheria ilitaka ombi moja kwa marehemu mmoja, likiwa na jina la mwombaji, na pengine la mwenzake mmoja. Kama waliolipa walikuwa watano, ilipasa wapatane chini ya ombi moja. Risiti ilitakiwa ionyeshe jina la mwombaji na la marehemu, kiasi kilicholipwa na wakati wa kulipa. Sasa fikirini nyumba ya watoto wanne. Kaka mkubwa ndiye aliyekwenda nyumba ya mazishi, na jina lake ndilo lililoandikwa. Dada mdogo, anayefanya kazi ya kuwaogesha wazee, alimpa kaka yake dola 2,000 mkononi, usiku, bila karatasi yoyote, kwa kuwa nani huandikiana karatasi na kaka yake siku ya msiba? Baada ya mwaka, hundi inakuja kwa jina la kaka. Serikali imemaliza kazi yake, wala haijui habari ya dada. Lakini Amri ya Saba haijamaliza kazi yake. Zile dola 2,000 ni za dada, naye kaka akizikalia amezuia mali ya mwenziwe, hata kama hakuna hakimu duniani atakayemshtaki. Na kama hundi ni ndogo kuliko gharama yote, basi upungufu nao wagawanywe kwa haki, si kwamba mkubwa ajaze kwanza chake, na wadogo wapate makombo. Ninyi kaka wakubwa mnaosoma maneno haya, iteni dada zenu mpige hesabu pamoja. Tena fanyeni hivyo kabla ya misa ya kumbukumbu, si baada yake.

Nasi mapadre tusijione kwamba hatumo. Kati ya gharama zilizoweza kurudishwa ilikuwamo ya mhudumu wa dini aliyeongoza mazishi. Basi padre aliyeombwa hati aliweza kuandika kile alichopokea, wala si senti moja zaidi. Akiwa alizika bure, aandike kwamba alizika bure. Huruma iandikayo tarakimu ya uwongo kwa ajili ya maskini yamfundisha maskini kwamba uwongo una baraka za altare.

Mashirika nayo yalikuwa na mlango wao. Majimbo, miji, na taasisi zisizo za faida, kama hospitali, ziliweza kuomba kurudishiwa gharama za kazi za dharura. Kwanza serikali kuu ilirudisha asilimia 75. Mapema mwaka 2021 Rais akaagiza asilimia 100, ikianzia nyuma tangu tarehe 20 Januari 2020 hadi tarehe 1 Julai 2022. Kisha ikawa 90, hadi hali ya hatari ilipokwisha tarehe 11 Mei 2023. Mtunza fedha wa hospitali alipaswa kuonyesha alinunua nini, lini, na kwa sababu gani, na barakoa moja isidaiwe kwa mifuko miwili. Wenye vitabu safi walilipwa baada ya taabu. Wenye vitabu vya ovyo walipata taabu peke yake.

Wala tusiwasahau wezi. Kabla hata mlango haujafunguliwa, walikuwako watu wenye kuwapigia simu wafiwa, wakijifanya makarani wa serikali, wakiomba namba na majina ya marehemu. FEMA ilionya kwamba haimpigii mtu ambaye hajaomba kwanza. Mwizi wa namna hiyo husoma matangazo ya vifo kama mkulima asomavyo mawingu. Katika nyumba yenye msiba, basi, awepo mtu mmoja mwenye kichwa kilichotulia, akae karibu na simu, na karatasi zote zikae katika bahasha moja: cheti, risiti, barua za bima. Ombi likikataliwa, lilikuwa na siku 60 za kukata rufani, na mara nyingi kilichokosekana huwa ni karatasi moja tu.

Yako mazishi ambayo hakuna mtu aliyepiga simu kwa ajili yake. Katika jiji la New York kipo kisiwa kiitwacho Hart, ambako tangu mwaka 1869 jiji limewazika watu wasio na wa kuwazika, majeneza ya mbao yakipangwa katika mahandaki marefu. Mwaka 2020 mahandaki hayo yalijaa upesi kuliko miaka iliyotangulia. Kwa wengi wa hao hapakuwa na risiti, wala kaka, wala dada, wala ombi. Jumapili ijayo, wakati wa kuwaombea marehemu, waunganisheni na majina ya jamaa zenu, hata kama hamjui walivyoitwa.