Saumu, Lithiamu na Hofu ya Madhara

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, mgonjwa huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani pale saumu inapohofiwa kumdhuru, lakini aya ya 184 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo msingi wa ruhusa hiyo, imetaja ugonjwa bila kuuwekea mpaka, hivyo limebaki swali la nani aipime hofu hiyo, na aipime kwa kitu gani.

Swali hilo humwelemea zaidi anayetumia lithiamu, dawa ya maradhi ya akili ambayo mgonjwa wake hupanda hadi kwenye msisimko uliopita kiasi, kisha akaporomoka katika huzuni nzito. Kiasi kinachotibu kinakaribiana mno na kinachodhuru: kwa kawaida hutakiwa milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita katika damu, ilhali ikipita 1.5 sumu huanza kujitokeza kwa mikono kutetemeka, kuharisha na kuyumba. Figo ndizo zinazoitoa lithiamu mwilini, nazo, mwili ukipungukiwa na maji na chumvi, huizuia isitoke, kwa hiyo kidonge kilichofaa mwezi wa Shaabani huweza kuzidi katika Ramadhani, hasa penye joto la pwani.

Damu ya kipimo hutolewa zipatapo saa 12 tangu dozi ya mwisho, na anayemeza dawa saa 3 usiku, baada ya tarawehe, atatolewa damu saa 3 asubuhi akiwa amefunga. Asiwe na wasiwasi: madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayasemi hata kuumikwa kunafunguza, sembuse damu kidogo ya sindano.

Hoja kwamba namba ya maabara huingilia jambo la mja na Mola wake ni dhaifu kuliko inavyosikika, kwani wanazuoni hawakudai yakini bali dhana yenye nguvu, itokanayo na uzoefu wa mgonjwa au kauli ya tabibu mwaminifu, na kipimo huipa dhana hiyo nguvu kabla mwili haujalalamika. Hata hivyo namba haitoi hukumu peke yake, maana mzee huweza kudhurika angali ndani ya viwango.

Anayenuia kufunga na amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wala asipunguze dawa kwa shauri lake mwenyewe. Na ambaye lithiamu yake hupanda kwa saumu, ale, kisha alipe siku hizo akipona au, ikiwa ugonjwa hautarajiwi kuisha, atoe fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku.