Wema wa Kocha na Ubao wa Matokeo

Msimu wa 2003, Saint John's University ya Collegeville, Minnesota, ilicheza mechi 14 za futiboli ya Kimarekani (ile ya helmeti na kuangushana) ikashinda zote. Novemba kocha wao, John Gagliardi, alifikisha ushindi wa 409 akampita Eddie Robinson. Desemba, kule Salem, Virginia, vijana wake waliichapa Mount Union 24–6 kwenye fainali. Mount Union ilikuwa imeshinda mechi 55 mfululizo. Na hili ni daraja la tatu, ambako hakuna mwanafunzi anayelipiwa masomo kwa sababu ya mpira.

Kinachonivuta zaidi ni mazoezi yake. Gagliardi alipiga marufuku kuangushana mazoezini. Hakutumia filimbi. Hakutaka hata kuitwa kocha. Mwite John, basi. Na hakumkata mchezaji: ukitaka kuwemo, umo. Ndiyo maana kikosi chake kilizidi watu mia na hamsini, katika mchezo ambao uwanjani huingia 11 tu kwa wakati mmoja.

Sasa, karibu kila anayemsifu humaliza hivi: na angalia, alistaafu na ushindi 489! Hapo ndipo ninapokwama. Kwani angeshindwa, tungesemaje? Kwamba vijana walistahili kuumizwa Jumanne ili washinde Jumamosi? Ukithibitisha wema kwa matokeo, umeshaugeuza kuwa mbinu, na mbinu ikifeli hutupwa.

Mwenye shaka atanijibu kwamba hata huko kutomkata mtu kuna hesabu yake. Vyuo vidogo vya Marekani huishi kwa ada, na kijana anayekuja kwa ajili ya mpira huja na ada. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Mtu anaweza kufanya mazoezi miaka minne, akavaa jezi, asiingie kwenye mechi yoyote ya maana. Je, huyo amekirimiwa au ameuziwa ndoto? Mimi naona jibu liko kwenye ukweli alioambiwa. Akijua tangu siku ya kwanza kwamba nafasi ni finyu, na bado akataka kubaki na wenzake, sioni aliyemdhulumu. Akidanganywa, hapo ni biashara, hata kama hakuna anayepiga filimbi.

Ila ushahidi ninaouamini zaidi haumo kwenye zile 489. Umo kwenye mechi 138 alizopoteza. Baada ya kufungwa, kocha yeyote hujaribiwa kukaza kamba: vijana wamelegea, wapigane kidogo wiki hii wapate ukali. Ni kishawishi cha kila mwenye mamlaka, wazazi na walimu tukiwemo. Gagliardi alikaa Saint John's kuanzia 1953 hadi 2012, na kwa miongo mingi ya kipindi hicho, iwe wiki ya kushinda au ya kushindwa, mazoezini hakuna aliyeangushwa.