Tabibu, Kijiji na Faradhi ya Kifaya

Atokaye Nyasubi, mjini Kahama, akashika njia ya vumbi iendayo vijiji vya Ushetu, huenda akapishana na mama mjamzito aliyepakiwa kwenye bodaboda, mumewe nyuma akimshika mabega, wakija mjini kumtafuta daktari ambaye huko watokako hayupo. Na moyo wenye insafu hauna budi kuuliza: dhambi hii ni ya nani?

Wengi hujibu upesi kwamba ni ya daktari, aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba na mpunga, kisha akapangiwa kijijini, akaripoti, akakaa miezi michache, akahama. Sikatai kwamba elimu ya tiba ni amana, na amana haiwi milki ya aliyekabidhiwa. Lakini hukumu hiyo ina upungufu, kwa kuwa yamtwika mmoja mzigo uliofaradhishwa kwa umma mzima.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba katika faradhi za kifaya, yaani zile ambazo wakizitimiza baadhi wengine husalimika, na zikiachwa wote hupata dhambi. Akasikitika kuona watu wa zama zake wakisongamana katika elimu ya sheria, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu.

Kwa mizani hiyo lawama yatugawanyikia sote. Mwaka 2017 madaktari wetu waliomba kwenda kufanya kazi Kenya, na safari ilipokwama kwa kesi mahakamani huko, Serikali iliwaajiri 258 hapa nyumbani: watu walikuwapo, wakingoja kuitwa. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010, lilinasihi kwamba vijana wa vijijini wadahiliwe katika vyuo vya tiba, na watumishi watengenezewe maisha ya staha huko waendako.

Ardhi hii ya Kahama imetoa dhahabu, katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wala hakuna aliyemwambia mhandisi wa mgodi alale chini ya bati linalovuja kwa jina la uzalendo. Mbona basi twamwambia hivyo tabibu, azalishaye usiku kwa mwanga wa simu aliyoibana kwa meno ili mikono yote miwili ibaki kwa mama? Tumwekee kwanza nyumba yenye mlango na kitasa, maji, taa, na shule ya wanawe. Tukiisha kutimiza faradhi yetu, ndipo tutakapokuwa na uso wa kumdai amana yake.