Hakuna Mechi Ndogo

Tarehe 5 Februari 1972, kijana wa miaka 26 alishika kipaza sauti katika uwanja wa Edgar Street, mjini Hereford, Uingereza. John Motson alikuwa bado mgeni katika televisheni ya BBC. Alipangiwa marudiano ya Kombe la FA kati ya Newcastle, timu ya daraja la kwanza, na Hereford, timu ambayo haikuwemo hata katika madaraja manne ya ligi. Mechi yenyewe ilikusudiwa kuonyeshwa kwa dakika chache tu usiku ule.

Newcastle walitangulia kufunga, na muda ukawa unayoyoma. Ndipo Ronnie Radford wa Hereford, fundi seremala, alipoupiga mpira kutoka mbali, katikati ya tope zito, ukaenda moja kwa moja wavuni. Mashabiki, watoto kwa wakubwa, wakamiminika uwanjani. Katika muda wa nyongeza mwenzake Ricky George akafunga la pili: Hereford 2–1. Mechi iliyowekwa kusindikiza kipindi ikawa ndiyo kipindi, na sauti ya Motson ikaingia majumbani.

Wengi huisimulia habari hii kama bahati. Mimi naiona vingine. Bahati ilileta bao. Haikuleta jina la mfungaji. Motson alijulikana kwa maandalizi: karatasi alizoziandika kwa mkono, kwa kalamu za rangi, zikiwa na habari za wachezaji wa pande zote mbili. Mtangazaji aliyejifunza majina ya timu kubwa pekee, bao lile lingemkuta akipekua makaratasi.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Ni onyo la kweli, lakini linatutaka tuogope kuumia. Ipo sababu iliyo bora zaidi ya kuheshimu kazi ndogo: watu waliomo ndani yake. Mechi ile, iliyokuwa ndogo kwa wapanga vipindi, kwa seremala yule ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwalimu akiingia darasa la kwanza bila maandalizi, eti hawa bado wadogo, asisahau kwamba mtoto aliye mbele yake hatakuwa na darasa la kwanza jingine. Muuguzi aliyechoka humwona mgonjwa wa arobaini. Mgonjwa mwenyewe hajui hesabu hiyo. Kazi haipimwi kwa macho ya aliyetumwa tu. Ipimwe pia kwa macho ya anayeisubiri.

Motson aliitumikia BBC kwa nusu karne: Kombe la Dunia mara 10, fainali 29 za Kombe la FA. Alipostaafu BBC Mei 2018, akiwa na miaka 72, mechi yake ya mwisho huko haikuwa fainali. Ilikuwa Crystal Palace dhidi ya West Bromwich Albion, ambao tayari walikuwa wameshashuka daraja. Hapakuwa na kombe lililogombewa siku hiyo. Kwa mtu aliyeanzia Edgar Street, sioni mahali pa heshima zaidi pa kuwekea kipaza sauti chini.

Radford alifariki Novemba 2022. Motson akafuata Februari 2023. Bao lile bado linarudiwa. Seremala anapiga, wavu unatikisika, na yupo mtu anayemwita kwa jina lake, bila kusita.